Konokono wa Mwekezaji

Inspekta Wendelin Ndunguru alikataa kiti. Walimletea kigoda, akakisukumia ukutani kwa mguu. Wakamletea stuli ya ofisini, akaiwekea kofia yake na kuendelea kutembea. Chumba cha mahabusu cha Mbamba Bay hakikuwa na nafasi ya mtu kutembea, lakini yeye alijigeuza humo humo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Konstebo Aidan, aliyesimama mlangoni na ufunguo, alianza kuona kizunguzungu kwa kumtazama tu.

"Shikamoo, mama," Wendelin alisema.

"Marahaba, baba." Mwanamke aliyeitikia alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umenyooka, khanga imefungwa vizuri utadhani anasubiri misa ianze.

"Wamekupa chakula?"

"Wamenipa. Sikukitaka."

"Ijumaa alfajiri ulionekana kwenye tangi la Bwana Cuthbert. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulifuata nini?"

Mama Notburga alivitazama vidole vyake. "Andika tu kwamba ni mimi."

"Sijakuuliza nani, mama. Nimekuuliza ulifuata nini."

"Baba, mimi ni mtu mzima, sina haja ya kuzungushwa. Nimesema ni mimi. Ufuko wauchukue, mambo yaishe."

Hapo ndipo Wendelin alipokereka. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa ameona wenye hatia wakiapa kwa majina ya watakatifu wote, na wasio na hatia wakilia mpaka wakakauka. Lakini mtu aliyeupigania ufuko kwa ulimi wake wote, halafu akautoa bure kama anatoa maganda ya muhogo, huyo alikuwa mgeni kwake. Alitoka chumbani roho ikiwa juu juu, hata kofia akaisahau. Aidan alimkimbilia nayo mpaka kwenye Land Rover.

Kesi yenyewe ingechekesha, kama isingekuwa na watoto ndani yake. Siku hizo nchi ilikuwa imefunguliwa milango, na kila mwenye tai na mkoba alikuwa mwekezaji. Huko juu milimani, kwao Wendelin, wanunuzi binafsi walikuwa wanagombania kahawa hata haijakauka. Huku chini ziwani alikuja Bwana Cuthbert Mbawala na lori lililojaa madumu ya plastiki. Aliwakuta watu wa kijiji cha Lundo wana shida moja kubwa kuliko zote: watoto wao walikuwa wanakojoa damu. Kichocho kilikuwa kimewaingia vibaya. Cuthbert akawaambia jambo ambalo zahanati ilishawaambia, kwamba ugonjwa huo unatoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye matete. Kisha akawaambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwaambia: kwamba yeye anaye konokono mwingine, asiye na gamba, mwindaji, anayewala hao wadogo. Atawazalisha kwenye tangi la saruji, kisha atawaachia ziwani. Alichotaka ni ufuko tu.

Ufuko wenyewe ndio ule ambao wanawake huanikia usipa, dagaa wa ziwa hili. Wakakataa, na sauti ya Notburga ilikuwa juu kuliko zote. Ndipo Ijumaa konokono wote wa tangini wakafa. Notburga alikuwa ameonekana hapo alfajiri, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichaka cha utupa, ule mmea ambao watu hutwanga majani yake na kuyatia mtoni ili samaki walewe. Cuthbert akamshtaki. Halafu, kwa huruma ya mtu aliyekwisha kumkaba mwenzake koo, akatangaza kwamba kijiji kikimpa ufuko ataifuta kesi. Mkutano wa kijiji ulikuwa alasiri ya leo. Wanawake walioapa kwamba hawatoki pale labda wabebwe, sasa walikuwa wanasema afadhali ufuko uende kuliko Mama Notburga apelekwe jela ya Songea.

"Nao watautoa, Afande," Aidan alisema, akipambana na usukani. "Nawajua. Ni watu wangu."

"Basi kanyaga mafuta."

"Nikikanyaga zaidi ya hapa tutaingia ziwani."

"Usiniletee habari za ziwa," alisema Wendelin, ambaye hakujua kuogelea na hakutaka mtu akumbuke.

Kituo cha Cuthbert kilikuwa nyumba ya mabati mchangani, na kando yake tangi la saruji linalomfikia mtu kifuani. Kabla hajasalimia mtu, Wendelin aliuzunguka ufuko kwa haraka. Aliona kitu kilichomfanya arudi kukitazama mara ya pili: bikoni za mipaka, za saruji, zenye rangi nyekundu, zimesimikwa kuanzia tangini mpaka kule mwisho ambako mchanga unakutana na miamba. Tangi moja lilihitaji ardhi yote hiyo kwa kazi gani? Aliliweka swali lile akilini na kwenda zake.

Bwana Cuthbert alitoka kumlaki akinukia manukato. Mkononi alikuwa na chupa kubwa ya mdomo mpana, ameikumbatia.

"Karibu sana, Inspekta. Huyu ndiye pekee aliyepona, kwa sababu Alhamisi nilisafiri naye Mbinga kuwaonyesha wakubwa, nikalala huko. Angalia uchungu wangu."

Ndani ya maji mlikuwa na kiumbe chenye urefu wa kidole gumba, cheupe, karibu unaweza kuona ndani yake, kimejaa vidoa vya rangi ya chungwa. Mgongoni kilikuwa na kitu kama ua dogo lililochanua.

"Hilo ua ndilo pumzi yake," Cuthbert alieleza. "Jenasi yake inaitwa Gymnodoris. Na usidhani ni mnyama mmoja. Spishi zake ni nyingi na zote ni za kuwinda. Yupo mmoja mweusi, mdogo, anajing'ang'aniza kwenye pezi la samaki na kulitafuna huku samaki anatembea naye. Yupo anayekula mayai ya wenzake tu, hagusi kingine. Yupo anayemmeza konokono mwenzake mzima mzima, hata kama wamelingana."

Aliyataja haya bila kubabaika, kama mtu anayetaja vijiji vya njiani kwenda kwao. Wendelin alimsikiliza kwa makini. Alikuwa amezoea waongo wanaokwama kwenye mambo madogo, na huyu hakukwama popote.

"Anamwonaje anayemwinda? Macho yako wapi?"

"Macho yake ni bure. Anafuata ute. Windo likipita linaacha ute chini. Huyu anaushika na kuufuata polepole, hapotezi njia, mpaka anamfikia mwenyewe."

Bila kupenda, Wendelin alijikuta amempenda mnyama yule. "Na hawa wa kichocho anawalaje na gamba lao?"

"Anawanyonya. Kijiji kizima kiliona. Mwenyekiti Bernadi alileta konokono kwa mkono wake, tukawatia tangini jioni. Asubuhi watu wakakuta magamba matupu."

"Asubuhi nani alifunua tangi?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Hapana, nauliza tu."

Waliokufa walikuwa wamewekwa kwenye sahani ya bati. Hawakufanana hata kidogo na yule wa chupani. Walikuwa wamevimba, wamepauka, na ua la mgongoni limelala. Wendelin aliwageuza kwa kijiti, mmoja mmoja, akashindwa kuelewa.

Aidan hakuwa na subira ya namna hiyo. Alishuka mpaka miambani, akarudi na visamaki vitatu kwenye kopo, akachota maji ya tangi kwenye beseni na kuvitumbukiza. "Kama ni utupa, Afande, hivi vitalewa sasa hivi."

Vikalewa. Vilizunguka upande upande, vikafungua midomo, na baada ya muda vikaonyesha matumbo meupe. Cuthbert alivuta pumzi ndefu kama mfiwa. Aidan alisimama na beseni lake, uso umemwanguka, kwa maana aliyethibitisha kosa la Mama Notburga ni yeye mwenyewe.

"Basi, Inspekta," Cuthbert alisema kwa upole. "Mimi sina kinyongo na yule mama. Tukamalize mkutano, tusameheane."

"Tutasubiri muda wake," Wendelin alijibu, akaanza tena kutembea.

Alitembea kuzunguka nyumba, akatembea kurudi. Utupa ulieleza vifo. Utupa ulieleza visamaki. Lakini haukueleza kwa nini mwanamke mkaidi kama yule alikuwa tayari kujifunga mwenyewe, wala bikoni nyekundu hazikuelezeka kwa utupa. Alikuwa anazunguka tangi kwa mara ya tatu au ya nne alipojikwaa kwa mbuzi.

Walikuwa watatu, wa Notburga, wamejipanga ubavuni mwa tangi. Hawakuwa wanakula, maana hapakuwa na jani. Walikuwa wanalamba saruji. Walilamba kwa bidii, macho wameyafumba nusu, na mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma ili aufikie ukingo. Mfanyakazi mmoja aliwafukuza kwa ufagio. Hawakwenda mbali, wakarudi.

"Kila siku ni hivyo," alisema yule mfanyakazi, msichana mwembamba aliyeitwa Eunice. "Bosi anawapiga mawe, lakini hawakomi."

Wendelin alichuchumaa. Alikuwa amekulia Umatengo, huko milimani, akichunga mbuzi kabla ya kuijua shule, na mbuzi anayelamba ukuta alimfahamu. Kwenye ukingo, pale maji yalipokuwa yanarukia na kukauka, saruji ilikuwa imeota ukoko mweupe. Alilowesha kidole, akakipitisha pale, akakitia mdomoni.

"Afande! Sumu!" Aidan alipiga kelele.

"Ingekuwa sumu, hawa wasingekuwa na nguvu ya kunikanyaga." Alitema mate mchangani, akafuta mdomo. "Chumvi."

Alichota maji ya tangi kwa kiganja na kuyaonja. Yalikuwa na ukali wa chumvi, hata kama si mwingi. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye stoo, ambako madumu yalikuwa yamepangwa mpaka darini, na nyuma yake magunia ya chumvi. Cuthbert alikuwa amekwenda kumwona Mwenyekiti Bernadi. Wendelin alifungua dumu moja na kunusa. Aliwahi kutumwa Mtwara kikazi, akajitia ushujaa wa kuoga baharini mara moja, akameza funda lililomfanya aape hatarudia. Harufu ilikuwa ile ile. Alionja, na ladha nayo ilikuwa ile ile.

"Aidan, chumvi yote hii ya nini?"

"Ya kutia samaki, nadhani."

"Wewe ni mtu wa ziwa hili. Umewahi kuona mama yako akiutia usipa chumvi kabla ya kuuanika?"

Aidan alifikiri, halafu akatikisa kichwa. "Hapana, Afande. Usipa ni mchanga na jua tu. Samaki wakubwa kama mbasa tunawabanika kwa moshi. Chumvi ni ya mezani."

"Sasa chukua beseni safi, maji safi ya ziwa, na chumvi ya gunia hili konzi mbili. Kisha niletee visamaki vingine."

Visamaki vya pili vilikufa kama vile vya kwanza: vikizunguka, vikifungua midomo, matumbo juu. Jani la utupa halikuwa karibu na beseni lile hata kidogo. Aidan alivitazama, akamtazama Inspekta, na uso wake ukaanza kurudi mahali pake.

"Kwa hiyo hakuna sumu!"

"Sijasema hivyo. Nimesema visamaki vyako havikuthibitisha chochote. Twende jalalani."

Nyuma ya jiko palikuwa na shimo la taka. Wendelin alilipekua kwa kijiti chake mpaka akayafikia magamba madogo ya kahawia, mengi, yale ya konokono wa matete. Aliyaokota moja baada ya jingine na kuyainua kwenye mwanga. Baadhi yalikuwa matupu. Lakini mengi yalikuwa na nyama yake ndani, imekauka na kunuka, imejikunja mpaka mwisho wa gamba. Na katika yale matupu, midomo ilikuwa imechubuliwa, kama inavyochubuka mtu anapochokoa kitu kwa pini.

"Mwindaji gani huyu anayeacha nyama?" Wendelin alijiuliza kwa sauti. "Hawakuliwa hawa. Walitiwa kwenye maji ya chumvi, wakafa. Asubuhi yake mtu mmoja aliwahi mapema, akawachokoa wachache wa kuwaonyesha watu, na waliobaki akawaleta hapa."

"Na Cuthbert peke yake ndiye aliyefunua tangi," Aidan alisema.

"Alisema mwenyewe, na mimi nikamsikia."

Sasa miguu ilikuwa inamwenda mbio. Konokono wa Cuthbert walikuwa wa baharini. Yote aliyoyasema juu yao, ute na mapezi na mayai, inawezekana yalikuwa kweli tupu; alikuwa ameificha kweli moja tu. Lakini bado kulikuwa na swali lililomleta huku chini: nani aliwaua? Kwenye maji ya chumvi walikuwa wazima. Basi nini kilibadilika Ijumaa?

Alimkuta Eunice akiosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

"Binti, nani anateka maji hapa?"

"Mimi, Afande."

"Na ya tangi?"

"Ya tangi ni bosi mwenyewe, jioni, kwa madumu yake. Mimi nimekatazwa kugusa."

"Alhamisi bosi alilala Mbinga. Jioni ile nani aliongeza?"

Sufuria ilimtoka Eunice mikononi. Hakuiokota. Alijifunika uso kwa khanga, na Wendelin, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshauliza maswali mengine matatu, aliinama akamwokotea.

"Niliwahurumia," Eunice alisema. "Ijumaa asubuhi nilikuta maji yameshuka, jua linachoma, wengine wamenasa ukutani nje ya maji. Walikuwa wamekonda, maskini. Kwetu ukiweka samaki hai kwenye chungu, maji yakipungua unamwongezea. Nani asiyejua hivyo? Nikateka ndoo ziwani, nikamimina, nikateka tena. Niliporudi kutoka kufua walikuwa wamevimba hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, Afande? Kwamba nimewaua waganga wa watoto? Kijiji kingenitazamaje?" Alishusha khanga. Macho yalikuwa mekundu. "Na aliyekamatwa ni mama yangu mkubwa. Amenilea. Tangu Ijumaa sijalala."

"Leo utalala," Wendelin alimwambia. "Lakini kwanza utayasema haya mbele ya watu."

Polisi wa zamu walimleta Notburga jua lilipoanza kulegea. Watu walikuwa wamekwisha kukaa mchangani kati ya vichanja vya usipa, na upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha khanga na maneno yao. Wendelin alimvuta mama yule pembeni, kwenye kivuli cha kichanja.

"Mama, sikuulizi tena kama ni wewe. Ulipokwenda tangini ulibeba ndoo?"

"Nilibeba."

"Yenye maji ya wapi?"

"Maji ya wapi tena? Ya ziwa." Alimshangaa kweli kweli.

"Ukatia konokono mmoja humo."

Notburga alijishika kifua.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Mtu wa kutia sumu habebi ndoo ya maji ya ziwa; nimefuata ute tu. Ulimtaka wa nini?"

"Nina mjukuu," Notburga alisema polepole. "Marselina. Anakojoa damu, baba. Vidonge anameza, anapona, anarudi kuoga, damu inarudi. Mdomoni nilikuwa napiga kelele za ufuko, lakini moyoni nilikuwa namtaka yule mdudu. Nikaona aibu kumwomba Mbawala baada ya yale niliyomtukana. Nikasema nitamwiba mmoja tu, nimweke pale kwenye matete anapooga mtoto."

"Akafa ndooni."

"Kabla sijafika kwenye matete. Alivimba mbele ya macho yangu. Mchana nasikia wa tangini nao wamekufa wote." Alimnyooshea mikono yake, viganja juu. "Usiku wa Alhamisi nilikuwa nimetwanga utupa nikawaogesha mbuzi, wana kupe. Sikunawa vizuri. Mkono huu ndio uliingia tangini. Nimewaua kwa mkono wangu, nimewaua watoto wa watu. Ndiyo maana nikasema ufuko uende. Ni deni langu."

Wendelin alitaka kumwambia pale pale. Lakini alimwona Cuthbert anasimama mbele ya mkutano, chupa mkononi, na akajua kwamba neno lake yeye, polisi wa milimani, lingeweza kubishaniwa mpaka kesho. Macho ya watu hayabishaniwi hivyo.

"Mama, nisaidie jambo moja," alisema. "Chota maji ziwani kwa beseni hili. Yale mnayokunywa."

Mwenyekiti Bernadi alikuwa anauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilianza kupanda, ya wanawake kwanza, mizito. Wendelin akapita katikati yao na kuomba ruhusa ya kuongea. Mwenyekiti akampa.

"Sina hotuba," alisema. "Bwana Cuthbert, mnyama wako huyu utamwachia wapi ukishapewa ufuko?"

"Ziwani, Inspekta. Kila mtu anajua."

"Beseni hili ni ziwa, limetekwa sasa hivi. Mtie."

Tabasamu la Cuthbert halikuondoka, ila lilibaki peke yake usoni. "Hapana. Huyu ni wa mwisho. Lazima azoeshwe kwanza, kuna taratibu za kitaalamu..."

"Umesema yupo tayari tangu mwezi uliopita!" mwanamke mmoja alipaza sauti.

"Beseni ni chafu."

"Nimelisugua mwenyewe kwa mchanga," alisema Notburga. "Na mikono nimenawa."

Watu walicheka kidogo. Cuthbert aliikumbatia chupa yake na kurudi nyuma hatua moja. Hapo Eunice alisimama, sauti inamkatika, akasema alichomimina na lini. Cuthbert aligeuka kumkemea, na katika kugeuka huko Mwenyekiti Bernadi, mtu mpole asiyewahi kumnyang'anya mtu hata kiberiti, aliitwaa ile chupa mikononi mwake na kumpa Notburga.

Notburga alipiga magoti. Alimtoa mnyama kwa kiganja, kwa uangalifu mkubwa, akamshusha kwenye maji ya Ziwa Nyasa.

Watu walisogea wakafanya duara. Konokono alijikunja. Ua la mgongoni likafunga, likafunguka, likalala. Kisha mwili wake ukaanza kujaa na kupauka, vidoa vya rangi ya chungwa vikitanuka na kufifia, na hakutambaa tena.

"Hivyo hivyo," Notburga alinong'ona. "Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa wangu."

"Ni wa bahari, mama," Wendelin alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anaishi kwenye maji ya chumvi. Maji yenu ndiyo yaliyomuua, si mkono wako wala wa binti huyu. Hakuna hata mmoja wao ambaye angefika kwenye matete. Na konokono mliowaona wamebaki magamba matupu, waliuawa na chumvi. Wengine bado wana nyama, wapo jalalani, nendeni mkawaone. Kama mnataka kujua alichokuwa anakitaka, hesabuni bikoni zake. Anayetaka kujenga hoteli ndiye anayehitaji mchanga wote huu. Tangi halihitaji."

Kelele zilizopanda hapo ziliwafanya hata mbuzi waache kulamba. Cuthbert alikuwa ameshafika kwenye gari lake, akijipapasa mifuko. Aidan alikuwa ameegemea bodi, ufunguo ukining'inia kwenye kidole chake. "Unatafuta huu, Bwana Mkurugenzi? Panda nyuma, nitakuendesha mwenyewe."

Wanawake walimbeba Eunice juu juu wakimpigia vigelegele, naye analia na kucheka. Wengine walikuwa wameshaanza kuugeuza usipa kwa mikono yote miwili, kama wanaotaka kuhakikisha mchanga bado upo chini yake.

Notburga peke yake hakuondoka kwenye beseni.

"Mama, upo huru," Wendelin alimwambia.

"Nimesikia, baba. Mungu akubariki." Alikuwa bado anamtazama yule mnyama. "Lakini wale wetu, wa kwenye matete. Hakuna anayewala?"

Wendelin alilitazama beseni. Alikuwa na majibu ya kila kitu kilichotokea pale tangu Alhamisi, nani alifanya nini na kwa maji gani.

"Huyu hapana, mama," alisema.

"Marselina leo asubuhi alikojoa tena damu."

Alilichukua beseni, akalibeba mbali na ziwa na kulimwaga kwenye mchanga mkavu, kisha akarudi na kuketi mahali pale pale. Ufuko ulikuwa mrefu na mweupe mpaka miambani, hakuna kilichomzuia mtu kutembea. Inspekta Wendelin Ndunguru alivua kofia na kukaa chini kando yake.